CDI nzima, waya ndo umeoza: niliyoyaona kwenye mashine za boti kuukuu

Mashine ya boti ikigoma kuwaka huku kwetu Kilindoni, kisiwani Mafia, neno la kwanza utakalosikia pwani ni "CDI hiyo, imekufa", yaani kile kifaa cha umeme kinachoamuru moto wa plagi. Nahodha anasema hivyo, anayeparua samaki anasema hivyo, mpaka muuza kahawa naye keshakuwa mtaalamu. Na kwa vile CDI haifunguki, ni kiboksi kimemiminiwa plastiki ngumu ndani, hakuna wa kubisha. Basi mtu anachangisha hela, anaagiza kwa jamaa yake Dar, mzigo unavuka na boti ya Nyamisati, unafungwa, mashine iko vile vile. Hapo sasa ndo analetewa fundi wa waya, hela imeshakatika, jamaa ana CDI mbili mkononi na zote nzima.

Kazi hii nimeifanya muda sasa, na nyingi ninazoshika ni Yamaha Enduro, zile za nguvu farasi 40 na 15 za tustroki, nyingine zina umri kuliko wenye nazo. Mara moja moja inakuja ya mtumba ya Kimarekani ya miaka ya 80 huko, hizo ukigusa tu wayaringi ganda linapukutika lote linabaki waya uchi, unajikuta unaanza upya kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na ninachoweza kusema bila kupepesa macho ni kwamba mashine kuukuu ya maji chumvi inaanza kufa kwenye waya, kwenye viungo vya waya na kwenye eathi, ile njia ya umeme kurudi kupitia bodi ya mashine. Koili, ile misokoto ya waya ya kutengeneza umeme, zinakufa ndio, CDI zinakufa pia, ila sio kwa wingi ule tunaozilaumu.

Nieleze kwanza chumvi inafanyaje maana watu wanadhani kutu ni ile unayoiona kwenye bolti. Waya wa kawaida ndani ni shaba tupu, nyuzi nyuzi. Maji ya bahari yakiingia pale mwisho wa waya, kwenye lagi (kile kipande cha chuma chenye tundu la bolti) au kwenye kiungo kilichofungwa tepu, hayakai pale pale, yananyonywa kwenda ndani katikati ya zile nyuzi kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Yakikauka chumvi inabaki, na chumvi yenyewe inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo hata boti ikikaa juu mchanga wiki nzima kazi huko ndani inaendelea. Ukija kumenya ganda unakuta shaba imekuwa nyeusi, au ya kijani yenye unga unga, na sio sentimita mbili tatu, wakati mwingine unamenya, unamenya, unaingia shubiri nzima bado nyeusi. Kwa nje waya mzuri kabisa, laini, rangi yake ipo. Hiyo ndo maana mi siamini macho kwenye waya, naamini vidole na mita. Ukiukunja waya ulioliwa ndani unausikia, ni mgumu kidogo na una mlio wa kukwaruza, na ukiuvuta taratibu ganda linarefuka kama mpira, maana ndani hakuna kitu cha kulishika.

Na waya wa hivyo kwenye mita ya kawaida unaweza kukudanganya. Ukipima kama umeme unapita, inapiga tiii, unasema mzima huu. Inapiga kwa sababu mita inataka umeme kiduchu mno, uzi mmoja uliobaki unatosha. Ipe stata sasa, ile mota ya kuwashia yenye kutaka ampea mia na zaidi, uone. Kwa hiyo waya wa betri haupimwi hivyo, unapimwa ukiwa kazini: mita weka kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha betri chenyewe (sio kwenye lagi, kwenye kichwa), nyingine kwenye bolti ya stata, mtu avute ufunguo. Unachosoma pale ni volti zinazopotelea njiani. Ikisoma nusu volti unaweza kuvumilia, ikisoma volti mbili waya huo au kiungo chake kimojawapo kinakuibia. Afu unahamisha ncha kidogo kidogo, kichwa na lagi, lagi na waya, unamkamata mwizi alipo. Betri nayo ipime hapo hapo, iliyojaa ikiwa imetulia ni 12.6, na stata inapozunguka ikishuka chini ya 9.6 au hivi basi usilaumu waya tena, betri ndo imechoka.

Kuna ile tabia ya kuhamisha betri. Mtu anaona boti inakaa sana nyuma, anasogeza betri katikati, vizuri kabisa kwa uzito, lakini waya anaongeza ule ule mwembamba. Piga hesabu: mita nne kwenda na mita nne kurudi, nane hizo, waya wa milimita 16 za mraba, ampea 100, unapoteza karibu volti 0.9 njiani kabla hujahesabu viungo. Tumia wa 35 inashuka mpaka 0.4. Stata inazunguka vizuri bila kubadili kitu kingine. Nahodha mmoja alikuwa ameshauza stata yake kwa bei ya chuma chakavu kwa ajili ya hicho hicho.

Waya gani sasa. Kwenye boti za kigeni wanatumia waya wa shaba iliyopakwa bati, kila unyuzi umepakwa, una rangi ya fedha. Bati ndo linaizuia chumvi isile shaba. Huku dukani ukiuliza waya wa boti utapewa waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu. Tafadhali usifunge huo kwenye mashine. Mashine inatetemeka, uzi mmoja mgumu ukitetemeshwa unakatika shingoni, pale unapoingia kwenye lagi, na unakatika ndani ya ganda kwa hiyo hauonekani. Waya wa gari una nyuzi nyingi, unakubali mtetemo, ila ni shaba tupu, kwa chumvi yetu hauchukui muda mrefu.

Nilichokuja kukigundua, na hiki kimenisaidia kweli kweli, ni waya wa sola. Ule mweusi na mwekundu wanaofungia paneli juu ya mabati, wa 4 na wa 6. Menya uone, nyuzi zake nyembamba nyingi na ni za fedha, ni shaba yenye bati, ganda lake mara mbili na halipasuki kwa jua. Sasa hivi hata kisiwani unapatikana maana kila nyumba ina paneli. Kwa taa, pampu ya maji machafu, kutoka betri kwenda boksi la fyuzi, mi natumia huo. Kwa zile nyaya nyembamba za ndani ya mashine ni mnene mno hauingii, hizo natafuta mabaki ya wayaringi orijino kutoka kwenye mashine zilizokufa, nakata vipande vilivyo vizima, natunza kwenye kopo kwa rangi zake.

Ila kagua kabla hujalipa, feki zimejaa. Chukua uzi mmoja, ukwangue na kisu. Waya wa sola mzuri ni fedha nje, ukikwangua ndani mwekundu. Kuna takataka nyingine ni nyekundu nje ukikwangua ndani nyeupe, hiyo ni aluminiamu imevalishwa shaba, iko sana kwenye zile nyaya nene za kuchomelea na za spika za muziki. Ukiifunga hiyo kwenye boti hutamaliza msimu, itageuka unga. Muuzaji hapendi ukikwangua waya wake, mwache anune.

Rangi. Hapa ndo watu wengi wanaogopa na hakuna cha kuogopa. Yamaha mweusi ni eathi. Mweupe ni wa kuzimia, huo ukigusana na mweusi moto wa plagi unakata. Mwekundu unatoka betri, una fyuzi yake ya ampea 20. Njano unapata umeme ukiwasha ufunguo. Kahawia unaamuru stata, bluu choki, pinki ni alamu. Kijani viwili vinatoka koili ya taa chini ya flaiwili (lile gurudumu zito la juu lenye sumaku) kwenda rektifaya, inayougeuza umeme ufae betri. Sasa uangalie, rangi inabadilika kazi ukivuka kutoka kwenye waya wa rimoti (boksi la kuendeshea mashine kwa mbali) kuingia ndani ya mashine, kwenye baadhi ya modeli huyo huyo kahawia chini ya flaiwili ni waya wa koili inayolisha CDI, na huo unatoa volti zinazovuka mia mbili ukivuta kamba. Utaruka. Kwa hiyo fuata waya mpaka unapoishia usifuate rangi peke yake. Na mashine kuukuu imeshapita kwa mafundi kadhaa, kila mmoja kaunga kwa waya aliokuwa nao mfukoni siku hiyo, unakuta mweupe unaingia kwenye tepu unatokea wa pinki.

Kabla sijakata kitu napiga picha kwa simu, juu, kulia, kushoto. Afu nachora kwenye daftari. Picha peke yake haitoshi kwa sababu nyaya zilizooza zote kwenye picha ni nyeusi.

Nirudi kwenye waya mweupe kwa sababu huyo ndo kaua CDI nyingi za watu, yaani kazisingizia. Alikuja mzee mmoja wa kisiwa cha Jibondo na 40 yake, ya kuendeshwa kwa mkono, analalamika akikata kushoto kwa nguvu inazima, akinyoosha anavuta kamba inawaka. Keshabadilisha plagi, keshabadilisha koili ya plagi, na CDI ndo hiyo amekuja nayo kwenye mfuko wa rambo.

"Fundi, nifungie hii tu tumalize mambo."

Nikamwambia, "Mzee wangu, mashine inayozima ukikata kushoto ina shida ya kushoto. CDI haijui kushoto wala kulia."

Akacheka lakini hakufurahi. Nikafungua kava, waya mweupe na mweusi kwenye 40 zinatoka kwenye mkono wa kuendeshea, pale kwenye kitufe cha kuzimia, zinapita shingoni zinaingia ndani ya sufuria ya chini ya kava. Ile raba inayozishika pale tundu la kuingilia ilikuwa haipo, zimelala kwenye ukingo wa aluminiamu wenyewe. Nikachukua mita, ncha moja kwenye mweupe, nyingine kwenye bodi ya mashine, nikamwambia azungushe mkono taratibu. Kulia kimya. Katikati kimya. Kushoto kabisa, tiii. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, kimesuguliwa mpaka shaba inang'aa, maana kilikuwa kinasafishwa kila siku na aluminiamu. Tukabadilisha waya wote kutoka kitufe mpaka kwenye buleti (kile kiungo cha kuchomeka), tukatengeneza raba mpya kwa kipande cha mpira wa paipu ya mafuta. CDI yake akarudi nayo na plastiki yake.

Kwa hiyo mashine yoyote ambayo haina moto kabisa, kabla ya lolote nachomoa buleti ya waya mweupe, navuta kamba. Moto ukirudi, tatizo liko upande wa kitufe, ufunguo, au waya katikati, na CDI iko salama. Hii ni dakika moja na haina gharama. Angalizo tu, ikiwa imechomolewa hivyo na mashine ikawaka kweli, kitufe hakitaizima, utaizima kwa choki au kwa kuchomoa paipu ya mafuta, kwa hiyo usijaribu ukiwa gia imeingia. Na plagi unapoangalia moto iegemeze kwenye bodi ya mashine ishike vizuri, usiishike na mkono, na mbali na tundu la silinda na tanki lililo wazi. Petroli haikumbushi mara ya pili.

Eathi nayo. Kuna jamaa alitaka kuuza mashine yake, akaipendezesha, akaisafisha kwa petroli, akaipiga rangi ya kijivu ya kupuliza nje ndani, hata stika kabandika mpya. Ikang'aa kweli. Haikuwaka tena. Mnunuzi kasimama pale na hela. Nilipoitwa niliona mara moja, ile lagi nyeusi ya koili inayofungwa na bolti kwenye bloku, alikuwa ameifungua, akapaka rangi pale pale, akairudishia juu ya rangi. Koili ya plagi inatakiwa ipate njia ya kurudi kupitia bloku, rangi imeziba njia. Nilikwangua rangi sehemu zote za eathi mpaka aluminiamu nyeupe ikaonekana, nikapaka grisi ya silikoni kidogo, nikakaza, kamba ya pili ikanguruma. Bolti ya eathi ni sehemu ya umeme kama waya wenyewe, naikagua hata kama mashine haijapigwa rangi, maana shaba ya lagi, chuma cha bolti na aluminiamu ya bloku vikikutana na maji chumvi vinalana vyenyewe kwa vyenyewe, unakuta unga mweupe chini ya lagi.

Sasa kuunga. Mi kama naweza siungi. Waya ukiwa umeoza kipande nabadilisha wote kutoka buleti mpaka buleti, maana kiungo katikati ndo mlango mwingine wa chumvi. Pale inapolazimu nabana na mashine ya kubania yenyewe, ile yenye meno inayokataa kuachia mpaka imalize kubana, afu navuta kwa nguvu. Ikichomoka mkononi kwangu bora kuliko kuchomoka kwenye mlango wa bahari wa Kinasi Pass na mkondo unatoka. Kubana kwa plaizi au kugonga na nyundo, nyuzi zingine zinabanwa zingine zinaelea. Juu yake slivu ya kujikunja kwa moto, ile yenye gundi ndani, ukiipasha unaona gundi inachungulia pembeni, hapo ndo imeziba. Kuchoma risasi, yaani kuunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha, kuna ubishi wa milele kati ya mafundi, wengi wa zamani wanaona kiungo kisichochomwa risasi ni uvivu. Mi nasema risasi inafanya waya ugande, pale inapoishia risasi na waya laini kuanza ndo panakatika kwa mtetemo, na hata Wamarekani kwenye taratibu zao za umeme wa boti, za ABYC, hawakubali risasi iwe ndo kitu pekee kinachoshika waya. Ukichoma, bana kwanza, na waya ushikwe karibu na kiungo usicheze.

Tepu nyeusi sitaki kuiona. Gundi yake inayeyuka kwa joto la mashine, inaachia, inabaki mfuko wa kuhifadhi maji chumvi. Ukikuta kiungo cha tepu kwenye mashine kuukuu, kifungue hata kama mashine inafanya kazi.

Buleti za zamani ambazo bado nzima unaweza kuziokoa, msasa laini, juisi ya ndimu kidogo zile za kijani zinaachia, ila osha na maji baridi na magadi ya unga kidogo baadae usiache tindikali pale, kausha, grisi ya silikoni, rudishia. Sio grisi ya bearingi, hiyo inakusanya mchanga.

Na njia ya kupitisha waya ina maana yake. Uache ulegee kidogo pale mashine inapozunguka na inaponyanyuliwa, usiguse silinda, usikaribie flaiwili inayozunguka, na kabla ya kuingia kwenye kiungo ushuke chini kwanza ndo upande, ili maji yanayofuata waya yadondokee pale chini yasiingie kwenye kiungo. Mafundi wa boti za mbao Jibondo wanaelewa hili haraka kuliko vijana wa mashine, wao maisha yao yote wanawaza maji yatapitia wapi.

Chaji inachanganya wengi. Hizi Enduro za 40 zina koili ya taa ya wati 80, sio kitu kikubwa, ni kama ampea sita hivi na hizo ni mashine ikiwa imechanganya. Kinachotoka pale kwenye nyaya za kijani sio umeme wa betri, ni ule wa kwenda na kurudi, lazima upite rektifaya. Kuna mtu alichukua nyaya mbili za kijani akazipeleka moja kwa moja kwenye betri kwa sababu kijijini kwao walifanya hivyo kwa taa na taa iliwaka. Taa itawaka, balbu haibagui. Betri ilichemka.

Na msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba kwenda Machi, boti za watalii za Kilindoni zinaleta kesi moja ile ile kila mwaka: betri haikai na chaji, nibadilishie. Ukimuuliza nahodha siku yake ikoje, anakwambia anatoka, anafika kwenye samaki sio mbali, anakaa saa nzima mashine inanguruma taratibu, watalii wanaingia majini wanatoka, anazima, anawasha, anazima, anawasha, na muziki unapiga na simu za watalii zinachajiwa. Mashine ikiwa taratibu koili haitoi kitu cha maana, na kila kuwasha stata inakula. Hakuna waya wa kubadilisha hapo. Nikipima, mashine ikichanganya betri inapanda mpaka 14 na kidogo, rektifaya nzima. Namwambia achaji nyumbani usiku, au aweke kipaneli kidogo cha sola juu ya turubai. Wengine wanaona fundi ana uvivu hataki kazi. Wa dagaa wao kesi yao ni taa, wanafungia taa za LED za usiku kwenye betri ya mashine, alfajiri stata haigeuki. Angalau wana kamba ya kuvuta. Betri ya taa iwe peke yake, na kila waya mwekundu uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, sio kule mbele kwenye taa, maana fyuzi ikiwa mwisho wa waya inalinda taa, waya wote wa katikati hauna mwenyewe.

Betri usiigeuze. Mwekundu kwenye hasi kwa sekunde moja tu, rektifaya imekwenda, utasikia harufu. Na mashine ikiwa inaunguruma usichomoe betri kuonesha wenzako kwamba inajichaji, mchezo huo niliukuta kwa mafundi wa magari na unaua rektifaya vile vile.

Kwa upande wa vipimo vya koili, nasoma omu (ukinzani wa waya) mashine ikiwa baridi na nalinganisha na kitabu cha modeli hiyo hiyo, sio cha modeli jirani. Koili inaweza kuwa nzima baridi na ikafa ikipata moto, kwa hiyo mashine inayowaka asubuhi na kugoma ikishapashika naipima ikiwa ya moto. Volti za CDI mita ya kawaida haizisomi sawa, zinakuja kwa mshtuko mfupi, inabidi kuna kifaa cha kuongezea cha kushika kilele. Asiye nacho asikusomee namba akakuambia CDI mbovu. Na flaiwili ikibidi kutoka itoke kwa pula, sio nyundo, sumaku za ndani zikipasuka umeongeza ugonjwa.

Siku hizi nalipisha kupima. Zamani nilikuwa napima bure nalipwa kwenye kufunga, matokeo yake mtu anapimiwa kwangu, anaenda kufungiwa kwa mwingine kwa bei ya nusu na tepu nyeusi juu. Walinuna mwanzoni, sasa wamezoea, wanajua ile hela ya kupima ni ndogo kuliko CDI.

Kitu kimoja tu nakataa, kuacha waya wa kuzimia umekatwa. Zimejaa hizo. Kile kitufe chenye klipu nyekundu na kamba ya mkononi kikiingia chumvi kinagandia, mashine haina moto, fundi wa haraka anakata waya mweupe, mashine inawaka, kila mtu kafurahi. Tatizo nahodha akidondoka mashine inaendelea peke yake, inazunguka, inamrudia na propela. Nilibishana na kaka mmoja wa Kilindoni juu ya hili mpaka watu wakakusanyika, yeye anasema "mimi nimezaliwa baharini, nidondoke vipi?" Nikamwambia basi mashine yako ipeleke kwingine, hapa haitoki bila kitufe. Akarudi baada ya swala ya alasiri, akalipa hela ya kitufe huku ananung'unika, nikamfungia, nikamwonesha klipu ikichomoka inazima. Kamba yenyewe mpaka leo anaifunga kwenye dumu la mafuta badala ya mkononi.